Maji ya Baraka Kwenye Bustani ya Leokadia

Lucjan alimpa mama yake habari za katapila akiwa amempa mgongo, anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari. Alisema Gerwazy, mwenye katapila, angekuja Jumanne asubuhi, angeng'oa bustani yote kuanzia ukuta wa nyumba hadi kwenye uzio, kisha wangemwaga mchanga, wangepanga matofali ya pevingi, na pembeni wangepanda tuja sitini, ile miti ya uzio iliyo kijani mwaka mzima. Mahali pangekuwa safi. Gari lingepata pa kukaa. Na Mama asingekuwa na sababu ya kuinama tena.

Leokadia alikuwa mezani akinyofoa petali za nagietek, yale maua ya rangi ya chungwa ambayo huyakausha kwa ajili ya supu na kwa ajili ya visigino vilivyopasuka. Hakuacha kunyofoa. Alikuwa na miaka sabini na mitatu, na alishajua kwamba mwanaume akianza kuosha vyombo bila kuombwa, ameshaamua jambo na analiogopa.

"Na bez?" aliuliza hatimaye.

"Bez gani?"

"Lucjan, hapa kwetu kuna mti mmoja tu wa bez. Ule ulioukwea ukiwa na miaka sita, ukala vitunda vyake vibichi, ukatapika zambarau kwenye viatu vya marehemu baba yako."

"Unang'oka nao, Mama. Kila kitu kinang'oka."

Chanzo kilikuwa mwezi wa Aprili. Leokadia aliteleza kwenye tope kati ya mawaridi na uzio, goti likaenda upande ambao goti halikuumbiwa kwenda, akalala pale saa moja na nusu akitazama mawingu. Mwenyewe aliisimulia kama kichekesho, kwamba tangu aolewe hakuwahi kupumzika vile. Balbina, jirani yake, ndiye aliyemsikia akitukana, akaja kumwinua. Lucjan hakucheka. Alirudi kutoka kiwanda cha madirisha, akamkuta mama yake yuko kwenye kochi na tope hadi kwenye nywele, akatoka nje akasimama akiikodolea macho bustani kama anayemtazama mbwa aliyeng'ata mtoto. Akiwa na miaka arobaini na minane, bila mke wala mbwa wa kumhangaisha, alikuwa na muda mwingi wa kuweka kinyongo.

Bustani yenyewe haikuwa ya kuonyesha wageni. Haikuwa na mistari wala njia, na mtu asiyeijua angedhani ni magugu yaliyopata bahati. Lakini mwanzoni mwa Septemba hakukuwa na kitu humo kisicholika. Maua ya nasturtia yalitambaa hadi kwenye ngazi, nayo Leokadia aliyala na mkate na siagi kwa sababu yana ukali wa pilipili, na mbegu zake mbichi alizitia kwenye siki. Petali za waridi alishazitwanga na sukari tangu Juni, ziko kwenye mitungi zikingojea maandazi ya kabla ya Kwaresima. Waridi mwitu lilikuwa limejaa vitunda vyekundu ambavyo ndani vina manyoya ya kuwasha. Lucjan na wenzake walikuwa wakiyatumbukiza kwenye kola za wasichana shuleni, na Leokadia aliyatoa kwa kijiko cha chai, tunda moja baada ya jingine, ili apate jamu. Kulikuwa na jarzębina, mti ambao vitunda vyake ni vichungu kama talaka mpaka baridi ya kwanza ivipige, na asiyetaka kungojea baridi huvitia kwenye friza na kuidanganya Desemba. Humo ndimo ilimotoka nalewka yake, pombe kali iliyolowekwa vitunda mwaka mzima, ambayo watu watatu kijijini walikuwa wameiomba kwa barua. Hata dalia huliwa, alisema Leokadia, ukiwa na njaa au ukiwa mtu wa mjini.

Na kulikuwa na bez. Mwezi wa sita alikaanga maua yake kwenye uji wa mayai na unga. Sasa mashada yake yalikuwa yameinama, robo tatu meusi, bado juma moja au siku kumi. Vitunda hivyo vibichi huchafua tumbo, lakini ukivichemsha na sukari unapata sharubati ya kikohozi ambayo nusu ya kijiji cha Stara Wierzba ilivuka nayo majira ya baridi. Siku kumi. Katapila lilikuwa linakuja baada ya siku nne.

Jumamosi lori lilileta matofali, na nyuma ya matofali zikaja tuja, sitini, kwenye vyungu vya plastiki, zimenyooka kama askari wa jeshi ambalo halijawahi kupigana. Zikapangwa ukingoni mwa bustani. Kijiji kizima kilishaugua ugonjwa huo. Nyumba baada ya nyumba watu waling'oa miyasmini, mawaridi na miplamu, wakapanda mti usiochanua, usiozaa, usioangusha hata jani la kumkera mtu.

Balbina alikuja kutazama, akauma tufaha, akasema zinafanana na foleni ya ofisi ya pensheni. Kisha akaketi kwenye ngazi na kukumbusha kwamba Jumatatu ni sikukuu ya Mama Maria wa Mbegu. Yeye angepeleka kanisani kikapu cha ngano na mbegu za bizari ili vibarikiwe, na kwa kuwa goti la Leokadia halifiki kanisani, alitaka kujua ambebee nini.

"Unaweza kunibebea bez?"

"Tawi moja naweza."

"Mti mzima, Balbina. Na mizizi yake."

Balbina aliacha kutafuna. Walitazamana. Wote wawili walikuwa wamezaliwa kijijini hapo, na hakuna aliyehitaji kumwambia mwenzake kwamba kitu kilichobarikiwa hakitupwi. Kinaliwa, kinachomwa, kinazikwa, wanapewa ng'ombe, lakini hakitupwi. Nyuma ya picha ya Mama wa Mungu jikoni kwa Leokadia kulikuwa na shada la maua makavu lililobarikiwa Agosti kumi na tano, na nyuma ya shada hilo lingine la mwaka wa kabla yake, na hakuna aliyethubutu kusafisha pale. Lucjan alikuwa anatengeneza gari Jumapili na kumtaja Mungu pale tu bolti ilipogoma. Lakini Pasaka ya mwaka juzi, yai la baraka lilipoangukia nyuma ya jiko na kuonekana baada ya wiki tatu, Lucjan huyohuyo alilizika chini ya mti, kwa sepeto, akiwa amevua kofia.

"Hatathubutu," Balbina alisema.

"Hatathubutu," Leokadia alikubali, akaingia ndani kupiga simu.

Leokadia hakuwa mcha Mungu sana. Alikwenda kanisani kama wengine waendavyo kwa daktari wa meno, kwa kuogopa yatakayompata asipokwenda. Lakini kwenye simu alikuwa mnyenyekevu. Alimweleza Padri Hieronim kwamba goti halimruhusu kuleta mbegu zake, na kwamba mbegu zenyewe bado ziko kwenye mama zao, nje, zimesimama. Padri alisema si kawaida. Kisha akauliza kama ile nalewka nyekundu ya mwaka jana imekwisha. Leokadia akasema zimebaki chupa mbili. Padri akasema Kanisa huenda mahali walipo wagonjwa wake.

Alifika Jumatatu saa kumi alasiri, akiwa na joho jeupe, ndoo ndogo ya maji ya baraka na brashi yake ya kunyunyizia. Lucjan alikuwa bado kiwandani. Leokadia alimkaribisha kwanza mezani.

Kosa lake lilikuwa glasi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa adabu. Ya pili hutolewa kwa ajili ya mguu wa pili, maana mgeni hawezi kwenda nyumbani kwa mguu mmoja. Ya tatu ilikuwa woga: Leokadia alimwona padri akiitazama bustani dirishani, ukubwa wake wote, na akaogopa kwamba atachoka njiani na kuuruka mti wa bez. Akammiminia ili apate nguvu. Na padri alipata nguvu.

Walitoka. Leokadia alitangulia na fimbo, akitaja kila kitu kwa jina kama mwalimu anayeita daftari la darasa, na nyuma yake Padri Hieronim alichovya na kurusha, kwa mkono mkunjufu, huku akiimba sala. Nasturtia zikapata. Waridi mwitu likapata. Jarzębina ikapata mara mbili kwa sababu padri alikuwa na sababu zake. Mbele ya bez alisimama kwa heshima, akaurushia mti maji hadi vitunda vikadondoka.

Wakati huo Gerwazy akaingia uani na katapila lake, alilete leo liwe tayari kwa kesho. Balbina, aliyekuwa ameegemea uzio ili asikose kitu, anasema yaliyofuata yalichukua muda wa kupiga chafya. Padri alisikia injini, akageuka, na mkono wake haukusimama. Alinyunyizia toroli. Alinyunyizia tuja, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alinyunyizia matofali pande zote nne. Paka wa Balbina alipata na akakimbia. Kisha padri akaliendea katapila. Gerwazy alivua kofia, akafanya ishara ya msalaba, na kwa kuwa magari hubarikiwa Julai na yeye Julai alikuwa mbali, aliomba ndoo ya mbele nayo ipate kidogo, maana ilikuwa inavuja mafuta.

"Inatosha, Padri," Leokadia alisema. "Padri. Inatosha."

"Baraka haitoshi kamwe, mama," alisema Padri Hieronim, akamalizia maji yaliyobaki kwenye rundo la mchanga.

Lucjan alirudi saa kumi na moja. Aliona katapila, padri ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, Gerwazy akila tufaha, na mama yake amesimama mbele ya bez akiwa ameshika fimbo kwa mikono miwili. Leokadia alimweleza kwa ufupi. Alisema bustani imebarikiwa, yote, kwa mujibu wa sikukuu, na kwamba yeye kama mama hamkatazi kitu, afanye atakavyo na roho yake.

Lucjan alisogea hadi kwenye bez. Alitazama mashada yaliyokuwa bado yanadondosha maji. Hata yeye alivua kofia, na Leokadia aliona kwamba ameshinda.

"Ni kweli, Padri?"

"Ni kweli," padri alisema.

"Haya. Basi siing'oi. Kesho narudisha haya matofali dukani."

Na hapo ndipo Balbina, ambaye hajawahi kushikilia neno mdomoni hata akiwa na homa, alisema kutoka uzioni kwamba matofali nayo yamepata. Na tuja. Na katapila, tena vizuri zaidi kuliko bez.

Uso wa Lucjan ulibadilika polepole, kama mtu anayeongeza hesabu na kuona jibu linampendelea. Aliuliza kama ni hivyo. Gerwazy alithibitisha, akaonyesha ndoo yenye unyevu. Lucjan akarudisha kofia kichwani. Kama ni hivyo, alisema, matofali ya baraka hayawezi kurudi dukani yakauzwe kwa mtu wa kujengea banda la nguruwe. Tuja za baraka haziwezi kutupwa zikauke. Na katapila je, limebarikiwa lifanye nini, liangalie? Mama alitaka kila kitu kiwe kitakatifu, sasa kiko kitakatifu, na kwenye kiwanja hiki haviwezi kuenea vyote.

Walimgeukia padri. Padri Hieronim alikuwa ameinamia mikono yake. Alisema kuondoa baraka si jambo analoweza. Pengine askofu anaweza, lakini angetaka kujua mambo yalivyofuatana, na yeye asingependa kumweleza askofu mambo yalivyofuatana. Akafikiri. Akasema kitu kilichobarikiwa kitumike kwa kazi yake: tunda liliwe, tofali likanyagwe.

"Likanyagwe wapi?" Lucjan aliuliza.

"Hapo Mungu hakutaja."

Kuhusu tuja, aliongeza akiwa amechangamka kidogo, yeye angezichukua. Makaburini upande wa kaskazini pako wazi, na waliolala kule hawana tena nafasi ya kulalamika. Kisha akainuka, akakaa tena. Hakuna aliyetaka kumwona akishika usukani, kwa hiyo Gerwazy alimpandisha ndani ya katapila na kumpeleka nyumbani nalo, taratibu, na joho jeupe likaonekana hadi kwenye kona ya duka. Balbina aliwafuata kwa miguu, maana ingekuwa dhambi kukosa sura za watu dukani.

Mama na mwana wakabaki. Leokadia aliketi kwenye rundo la matofali, yakiwa na baridi na maji maji. Alisema Lucjan anaweza kuyapanga barabarani, mbele ya nyumba. Lucjan akasema barabara si yao. Leokadia akasema ayapange juu ya paa.

"Sitaki maegesho, Mama," alisema baadaye. "Gari lenyewe lina miaka kumi na tisa. Hata likilala mtoni."

"Sasa unataka nini?"

Alipiga tofali kwa ncha ya kiatu. "Ulilala pale saa moja na nusu. Mimi nilikuwa kazini nakula mkate na soseji. Nilichekeshwa na mtu siku hiyo, nakumbuka. Nilicheka sana."

"Nilikuwa salama. Nilikuwa natukana."

"Midomo yako ilikuwa ya bluu. Balbina hakukwambia? Alipokukuta hukuwa unatukana tena. Alisema alifuata sauti, halafu ikakatika, akakutafuta."

Leokadia hakuambiwa. Alikumbuka mawingu, alikumbuka kwamba yalikuwa mazuri na kwamba baridi ilikuwa imeacha kumsumbua, na kwa mara ya kwanza alielewa ni kwa nini ilikuwa imeacha: mwili wake ulikuwa umeanza kuzimika. Ile hadithi yake, ambayo alikuwa ameisimulia kijiji kizima kwa miezi mitano na kila mtu akacheka, ilikuwa imesikilizwa kwa adabu tu. Walicheka kwa sababu alitaka wacheke.

Aligusa goti. Kisha alianza kuongea kwa sauti ya mtu anayepatana bei ya kuku, kwa kuwa sauti nyingine hakuwa nayo. Njia, alisema. Apange njia. Itoke kwenye ngazi, ipite kwenye nasturtia, ifike kwenye jarzębina, izunguke hadi kwenye bez. Pana, watu wawili wapite. Kule chini uzioni, penye tope, hatakwenda tena. Yale mawaridi ayahamishe kwa sepeto, si kwa katapila, moja moja. Lucjan akasema na simu. Leokadia akauliza simu gani. Simu shingoni, kila anapotoka nje, kwenye kamba. Leokadia akasema yeye si ng'ombe wa kuvaa kengele. Lucjan akasema basi kesho Gerwazy anarudi, na katapila lina baraka zote.

"Nitaivaa," Leokadia alisema. "Lakini siku ya mvua siitoi nje. Itaharibika."

"Siku ya mvua nawe hutoki."

Alimtazama mwanawe. Alitaka kusema kitu kikali, na alikuwa nacho tayari, lakini mdomo wa Lucjan ulikuwa unatetemeka upande mmoja kama ulivyokuwa ukitetemeka akiwa na miaka sita mbele ya viatu vya baba vilivyochafuka. Akasema sawa.

Lucjan aliijenga njia jioni nane mfululizo, akiwa amepiga magoti, akigonga tofali moja moja kwa nyundo ya mpira. Leokadia aliletewa kiti. Kila jioni alimsahihisha: hapo umekanyaga mnanaa, hapo umekata mzizi, wewe na kiwanda chako cha madirisha hamjui mstari ni nini. Jioni ya tano walipokaribia bez, Lucjan alinyoosha kamba na kuona kwamba mzizi mnene unapita katikati. Alisema akiukwepa njia itapinda. Leokadia akasema ipinde. Lucjan akasema itaonekana kana kwamba aliyeijenga alikuwa amelewa. Leokadia akasema nusu ya watu wa Stara Wierzba tayari wanaamini hivyo, na wamemtaja padri. Njia ikapinda.

Jumanne ya juma lililofuata vitunda vilikuwa vyeusi vyote, na vikonyo vyake vilikuwa vimegeuka vyekundu, ambayo ndiyo dalili. Leokadia alivaa aproni, akavaa simu, akashika fimbo kwa mkono mmoja na mkasi kwa mwingine, akashuka ngazi. Njia ilikuwa imara. Hakuna kilichoteleza. Alitembea polepole, fimbo ikilia kwenye tofali, na hakuhitaji kugeuka ili ajue kwamba Lucjan, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini kwa kisingizio cha jino, anamfuata hatua moja nyuma, mikono ameinyoosha pande zote mbili kama mtu anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Alifika kwenye mti. Akavuta tawi la kwanza chini, akakata shada.

"Teremsha hiyo mikono," alisema bila kumtazama, "halafu ushike ndoo."